Taroti ya Marseille: mchezo wa turufu uliogeuzwa kitabu cha siri

Karata za taroti haziuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na hadithi. Mnunuzi huambiwa kwamba picha zake zilichorwa na makuhani wa Misri ya Mafirauni, au zilisambazwa Ulaya na watu wa kabila la Romani katika kuhamahama kwao, au kwamba ndani yake zimefichwa herufi 22 za Kiebrania na siri za uumbaji. Upande wa pili wapo wanaozikwepa kwa hofu ya dini, wakiamini kwamba tangu siku ya kwanza zilikuwa chombo cha ushirikina. Makundi haya mawili hayapatani, lakini yamekubaliana juu ya jambo moja ambalo kumbukumbu zinalikanusha, nalo ni kwamba taroti ilizaliwa kwa ajili ya kutazamia. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka 300 taroti ilijulikana kwanza kabisa kama mchezo wa karata, wenye kanuni, pointi na kamari, na wengi walioishika mkononi walikuwa na shauku ya kujua nani ana turufu kubwa kuliko kujua yatakayotokea kesho.

Msomaji wa pwani anaweza kuilinganisha na ramli. Ramli ilitujia ikiwa tayari ni elimu ya kutazamia, yenye alama zake 16, majina yake na vitabu vyake, na hakuna aliyewahi kuzitumia alama hizo kwa kuchezea barazani. Taroti ilipita njia ya kinyume: mchezo ulitangulia, picha zikazoeleka, kisha sababu za picha hizo zikasahaulika, na hapo ndipo ukaja uaguzi kujaza pengo. Nitakayoyaeleza hapa yanahusu zaidi seti inayoitwa Taroti ya Marseille, kwa kuwa ndiyo iliyobeba historia yote hiyo mgongoni, na pia kwa kuwa mvuto wake, kwa maoni yangu, unaeleweka vizuri zaidi mtu akishajua zilikotoka picha zake.

Karata zenyewe ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370. Mji wa Florence ulipitisha amri ya kuzidhibiti mwaka 1377, na mwaka huohuo mtawa wa Kidominiko aitwaye Johannes wa Rheinfelden aliandika kwa Kilatini kuhusu mchezo huo mpya. Zilitoka katika ulimwengu wa Kiislamu. Katika Jumba la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Wamamluki wa Misri zenye aina nne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, na kila aina ina mfalme, naibu wa mfalme na naibu wa pili, wote wakitajwa kwa maandishi ya Kiarabu bila kuchorwa sura. Waitaliano na Wahispania walizichukua aina hizo karibu zilivyo, ila fimbo za polo, ambazo hazikuwa na maana kwao, waliziacha zigeuke magongo na marungu. Wareno nao walizipakia majahazini, na ndiyo maana mchezaji wa karata wa Zanzibar au Mombasa hadi leo hutaja kopa, uru, pau na shupaza, ambazo kwa asili ni vikombe, dhahabu, magongo na panga, ingawa picha anazozitazama ni za mtindo wa Kifaransa. Turufu nayo imepita njia hiyohiyo: Wareno waliipata kutoka kwa trionfi ya Waitaliano, na trionfi ndilo jina la kwanza la karata tunazozizungumzia.

Jambo jipya lililofanyika kaskazini mwa Italia karibu na mwaka 1440 lilikuwa kuongeza kwenye seti ya kawaida kundi la tano lisilokuwa na vikombe wala panga, bali picha 21 zilizopangwa kwa daraja, kila moja ikiishinda iliyo chini yake na zote zikizishinda karata za aina nne. Iliongezwa pia picha moja ya Mpumbavu, isiyo na daraja. Malkia naye aliingizwa kati ya mfalme na askari wa farasi, hivyo kila aina ikawa na karata 14, na jumla ikawa 78. Mnamo Septemba 1440 mthibitishaji wa hati Giusto Giusti aliandika katika shajara yake kwamba alimpatia Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini, seti ya karata za trionfi. Februari 1442 vitabu vya hesabu vya ukoo wa Este, watawala wa Ferrara, vinaonyesha malipo kwa mchoraji Sagramoro kwa kazi ya aina hiyohiyo. Hizi ni kumbukumbu za matumizi ya fedha, na zinazitaja karata hizo kama bidhaa ya burudani ya watu wenye nafasi.

Seti iliyo maarufu kupita zote za karne hiyo ilitengenezwa Milan kwa ajili ya Francesco Sforza, mtawala wa Milan, na mkewe Bianca Maria Visconti, na kazi hiyo kwa kawaida huhusishwa na mchoraji Bonifacio Bembo. Zimebaki karata 74, kubwa, nzito, zenye mandhari ya dhahabu iliyobandikwa na kugongwa nakshi. Leo zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Karata za Shetani na Mnara hazimo, na kutokuwamo kwake kumewapa watu nafasi ya kudai mengi, ingawa karata nyingine mbili za kawaida kabisa nazo zimepotea katika seti hiyohiyo.

Mchezo wenyewe haumtatizi mtu aliyewahi kukaa kwenye karata. Mchezaji wa kwanza hutupa karata, wenzake hulazimika kufuata aina ileile, asiye nayo hutoa turufu, na mwenye karata kubwa huzoa zote zilizo mezani. Mshindi hatafutwi kwa kuhesabu idadi ya mizoo bali pointi zilizomo katika karata zilizozolewa, ambapo mfalme ana thamani kubwa, malkia humfuata, na turufu chache maalumu hulingana na wafalme. Utamu mkubwa uko kwenye turufu ya kwanza, ile ya Mfanya Kiinimacho: ni dhaifu kuliko turufu zote, lakini ina pointi nyingi, hivyo mwenye nayo hutumia nusu ya mchezo akitafuta mwanya wa kuipitisha salama huku wapinzani wakiiwinda. Mpumbavu naye hashindi wala hashindwi. Mwenye kumtoa huwa ameomba radhi ya kutofuata aina, kisha humrudisha kwenye rundo lake. Wafaransa wanaocheza mchezo huu hadi leo humwita Udhuru.

Hata watu wa dini walipoulaani mchezo huu, waliulaani kama kamari. Ipo hotuba ya mhubiri mmoja wa kaskazini mwa Italia, ya mwishoni mwa karne ya 15, inayozitaja turufu zote moja baada ya nyingine, na ndiyo orodha ya zamani inayotajwa zaidi na wachunguzi. Kinachomkasirisha mhubiri huyo ni kwamba Mungu, malaika, Papa na Mfalme Mkuu wamewekwa kwenye meza ambayo watu wanapotezea fedha na roho zao. Uaguzi haumo katika malalamiko yake, na mhubiri wa aina ile asingeuacha kama ungekuwapo.

Picha zenyewe zilichukuliwa kutoka katika mambo ambayo mtu wa mjini wa karne ya 15 aliyaona kanisani, barabarani na kwenye maandamano ya sherehe. Wachunguzi wengi huzihusisha na mashairi ya Petrarch, mshairi wa Kiitaliano wa karne ya 14, yaitwayo Trionfi, ambamo Mapenzi hushindwa na Usafi wa Moyo, Usafi hushindwa na Mauti, Mauti na Sifa, Sifa na Wakati, na Wakati na Umilele. Mpangilio wa kitu kimoja kukishinda kingine ndio uleule wa turufu. Chini kabisa yupo Mfanya Kiinimacho na meza yake ya vikombe na vidude, kisha watawala wa dunia na wa kanisa, kisha Mpenzi na Gari la Ushindi, halafu mambo yanayowapata wanadamu wote kama Gurudumu la Bahati na Mauti, na mwishoni nyota, mwezi, jua, Kiyama na Dunia mpya iliyozungukwa na malaika, tai, simba na ng'ombe, ambao ni alama za waandishi wa Injili nne. Mtu aliyekulia katika Ukristo wa Italia ya wakati ule hakuhitaji kuelezwa ngazi hiyo.

Mfano mzuri wa picha iliyoeleweka kisha ikasahaulika ni karata ya 12, ya mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini, mikono nyuma. Leo vitabu vya kutazamia humweleza kama mtu anayejitoa kwa hiari au anayeuona ulimwengu kwa jicho jipya. Katika miji ya Italia picha hiyo ilikuwa adhabu. Msaliti, mfilisi mdanganyifu au askari aliyevunja kiapo alichorwa ukutani akining'inia kichwa chini ili aaibike mbele ya kila apitaye, hasa kama mwenyewe alikuwa ametoroka. Mwaka 1412 Muzio Attendolo, baba yake Francesco Sforza, alichorwa hivyo mjini Roma kwa amri ya papa ambaye Muzio alikuwa amemkimbia. Kwa hiyo mwanawe alipoishika karata hiyo, ikiwa imepambwa kwa dhahabu, alikuwa akitazama aibu iliyowahi kubandikwa jina la nyumba yake. Baadhi ya orodha za Kiitaliano huiita karata hiyo kwa jina moja tu: Msaliti.

Nyingine zilibadilika kimyakimya mikononi mwa wachoraji. Mzee anayeitwa leo Mkaa-Pweke, mwenye taa, alikuwa ni Wakati, mwenye shisha ya mchanga. Wachonga vibao walipoinakili shisha mara nyingi ikageuka taa, na mzee akapata kazi mpya. Kamba wa maji baridi anayeonekana kwenye karata ya Mwezi, ambaye ameandikiwa kurasa nyingi juu ya hofu zilizolala moyoni, amewekwa pale kwa sababu katika elimu ya nyota mwezi una nyumba yake katika buruji ya Saratani. Papa wa Kike ndiye aliyezua mabishano makubwa zaidi. Wapo wanaomhusisha na hadithi ya Papa Joan, mwanamke anayesimuliwa kwamba aliwahi kuwa papa, wapo wanaomkumbuka Maifreda wa Milan, mtawa aliyechomwa moto mwaka 1300 kwa kuhusishwa na kikundi kilichotaka awe papa na ambaye alikuwa na udugu na ukoo wa Visconti, na wapo wanaosema kwa upole zaidi kwamba ni Kanisa au Imani iliyochorwa kwa umbo la mwanamke, kama ilivyokuwa desturi. Mimi naona la tatu ndilo lenye uzito, kwa kuwa Haki, Nguvu na Kiasi nazo zimechorwa wanawake katika seti hiyohiyo. Wa nne katika fadhila hizo, Busara, hayumo, na tutaona baadaye jinsi kukosekana kwake kulivyozaa dai la ajabu.

Kwamba wachezaji hawakuzitukuza picha hizo kunaonekana wazi Bologna mwaka 1725. Kasisi Luigi Montieri alichapisha karata za taroti zenye maelezo ya kijiografia, na kwa neno moja juu ya namna Bologna inavyotawaliwa akawaudhi wawakilishi wa Papa. Alikamatwa, na mashauri yalipokwisha watengenezaji wa karata wa mji ule wakaagizwa kuwaondoa Papa, Papa wa Kike, Mfalme Mkuu na Malkia wake, na mahali pao wakawekwa watu wanne weusi wa Afrika ya Kaskazini kama walivyowaziwa na Waitaliano. Wachezaji wakaendelea kucheza. Hata idadi haikuwa na utakatifu: Florence ilikuwa na taroti yake ya karata 97 yenye turufu 40, na Bologna ilipunguza karata ndogo hadi zikabaki 62.

Ufaransa ilipata mchezo huu katika vita vyake vya Italia, kwa kuwa majeshi yake yaliingia Milan mwaka 1499 na kuishikilia mara kwa mara hadi mwaka 1525. Mwaka 1505 neno taroti linaonekana kwenye hati za Ferrara na za Avignon, yaani pande zote mbili za milima ya Alpi. Lyon ikawa na mafundi wengi, Paris ikawa na wake, na karibu na katikati ya karne ya 17 Jean Noblet wa Paris alichapa seti ambayo tayari ina karibu kila kitu tunachokiita mtindo wa Marseille. Jean Dodal alichapa yake Lyon mwanzoni mwa karne ya 18, na kwenye baadhi ya karata zake yameonekana maneno yaliyofupishwa yanayosema kwamba kazi hiyo ni kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Marseille ilichelewa. Nicolas Conver, ambaye seti yake yenye tarehe ya 1760 ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo, alikuwa mmoja wa mafundi wengi wa mji huo wa bandari, na mtindo aliouchapa haukubuniwa pale. Jina la Taroti ya Marseille lilitiwa mizizi karne ya 20, na Paul Marteau wa kiwanda cha karata cha Grimaud, aliyetoa toleo lake mwaka 1930, ndiye aliyelifanya lizoeleke duniani.

Inafaa kuingia kidogo ndani ya karakana, kwa sababu sura ya karata hizi imetokana na kazi ya mikono na si na siri. Fundi alichonga picha nyingi kwenye ubao mmoja wa mti mgumu, zikiwa zimegeuzwa kinyume. Ubao ulipakwa wino wa masizi, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa pedi ya singa za farasi hadi mistari ikashika. Tabaka kadhaa za karatasi ziligandishwa pamoja kwa gundi ya unga ili karata iwe ngumu na isipitishe mwanga. Rangi zilipakwa kwa brashi juu ya kiolezo kilichotobolewa, kiolezo kimoja kwa kila rangi, na kwa kuwa kazi ilikwenda haraka, nyekundu ilivuka mstari wa joho na kuingia mkononi, na buluu ilimwagikia uso wa farasi. Mwishoni karatasi ilipakwa sabuni na kusuguliwa kwa jiwe mpaka ing'ae, ndipo karata zikakatwa kwa mkasi.

Ubao ulipochakaa, fundi alichonga mwingine kwa kuangalia karata zilizokuwapo, mara nyingi bila kujua mchongaji wa kwanza alikusudia nini. Hivyo ndivyo mkunjo wa nguo ulivyogeuka kuwa mkono wa ziada, meza ya Mfanya Kiinimacho ikaonekana na miguu mitatu, na tahajia ya majina ikayumba. Namba za Kirumi ziliandikwa kwa kuongeza vijiti tu, nne ikawa IIII na tisa VIIII. Karata ya 13 katika chapa nyingi haina jina, kana kwamba mifupa yenye mundu inajitambulisha yenyewe. Noblet, hata hivyo, alilichapa jina la Mauti bila kusita.

Sasa tufike Paris, mwaka 1781. Mchezo wa taroti ulikuwa bado unachezwa mashariki mwa Ufaransa, Uswisi na nchi za Kijerumani, lakini Paris ulikuwa umesahaulika. Antoine Court de Gébelin, mchungaji wa Kiprotestanti na msomi mwenye vitabu vingi, alimtembelea bibi mmoja akakuta watu wanacheza karata ambazo hakuwa na mazoea nazo. Kwa maelezo yake mwenyewe, robo saa ilimtosha kuzieleza zote na kutangaza kuwa ni za Misri. Katika juzuu la nane la kitabu chake juu ya ulimwengu wa kale aliandika kwamba picha hizo ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Wamisri, na kwamba jina taroti limetoka katika maneno mawili ya lugha yao yenye maana ya njia ya kifalme. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi wa Kifaransa Champollion aliyafumbua mwaka 1822, na njia hiyo ya kifalme haikuonekana.

Dai lake juu ya Aliyening'inizwa linaonyesha jinsi alivyofikiri. Kwa kuwa Busara haikuonekana kati ya fadhila, aliamua kwamba karata hiyo ndiyo Busara: mtu amesimama kwa mguu mmoja akipima pa kuweka wa pili, ila fundi wa karata asiyeelewa aliigeuza juu chini. Adhabu iliyokuwa ikijulikana na kila mtoto wa Florence ilikuwa imefutika katika kumbukumbu, na msomi mwenye akili nyingi alilazimika kubuni. Simlaumu sana. Mtu anapoletewa kwa mara moja Papa wa Kike, mnara unaopigwa na moto wa mbinguni na kamba anayetoka dimbwini chini ya mwezi, ni vigumu kuamini kwamba ameletewa mchezo wa jioni.

Uaguzi kwa karata za taroti ulikuwapo kidogo kabla yake. Kuna karatasi ya Bologna ya karne ya 18 inayotoa maana fupi kwa karata 35 za mji huo, kama safari, barua na machozi. Lakini ni Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake la ukoo nyuma mbele, aliyeifanya kazi hiyo kuwa taaluma ya kulipwa. Alikuwa ameandika mwaka 1770 juu ya kutazamia kwa karata za kawaida. Mwaka 1785 akaanza kutoa maandishi juu ya taroti, na miaka michache baadaye akachapisha seti yake aliyoichora upya ili ilingane na Misri yake ya kuwaza. Katika miaka ya 1850 Éliphas Lévi alizifunga turufu na herufi 22 za Kiebrania, na wafuasi wake wakaona idadi hiyo inatosha kuwa ushahidi, bila kuuliza karata 97 za Florence zingefungwa na alfabeti gani. Mwaka 1909 London ilitoa seti ya Arthur Edward Waite iliyochorwa na Pamela Colman Smith, ambayo ilibadilishana nafasi za Haki na Nguvu ili zifuate mpangilio wa nyota, na ikachora matukio kamili hata kwenye karata ndogo. Wengi wanaposema taroti leo huwa wanaiona hiyo.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa na Taroti ya Marseille. Katika seti ya London, tatu ya panga ni moyo uliochomwa na panga tatu, na hata asiyejua lolote ataona huzuni. Katika seti ya Marseille ni panga tatu na matawi ya maua, basi. Wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo, wakisema ni kavu na haisemi. Wanaoipenda huipendea hapohapo, kwa kuwa haimlazimishi mtazamaji kuona kilichokwisha kuonwa na mchoraji. Mistari yake ni minene, rangi ni chache, sura hazicheki wala hazilii, na macho ya watu wake huelekea upande fulani kiasi kwamba karata mbili zikiwekwa pamoja huonekana kama zinatazamana au kupeana mgongo. Mtu huanza kusimulia kabla hajaamua kusimulia. Sidhani kwamba hilo linahitaji Misri kulieleza. Ni picha zilizokuwa na maana nzito kwa jamii nzima, zikachujwa na vizazi vya mafundi hadi likabaki umbo tupu lenye nguvu, huku maelezo yakiwa yameanguka njiani.

Hata wasanii waliolikataa Kanisa na ushirikina kwa pamoja walivutwa. Majira ya baridi ya 1940 hadi 1941, André Breton na wenzake wa kundi la wasurrealisti, wasanii waliotafuta sanaa katika ndoto, kati yao Wifredo Lam, Victor Brauner na Jacqueline Lamba, walikuwa wamekwama Marseille wakisubiri viza za kuikimbia Ufaransa iliyoshindwa na Wajerumani. Katika nyumba ya Air-Bel walibuni karata zao, aina nne zikiwa Mwali wa mapenzi, Nyota ya ndoto, Gurudumu la mapinduzi na Kufuli ya maarifa, na wafalme wakaondolewa, nafasi yao wakapewa Majini wa vipaji. Waliuita Mchezo wa Marseille, na jina hilo halikuwa la bahati mbaya.

Aliyeirudisha historia mahali pake alikuwa mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, ambaye mwaka 1980 alitoa kitabu kinene kinachofuata kanuni za mchezo mji kwa mji na kuonyesha jinsi turufu zilivyopangwa tofauti Ferrara, Bologna na Milan. Wapo watazamiaji walioudhika, ingawa wengi wa kizazi cha sasa wamekubali tarehe zake na kuendelea na shughuli yao. Huko Ufaransa mchezo una shirikisho lake tangu mwaka 1973 na mashindano ya kila mwaka. Wachezaji wanne hupewa karata 18 kila mmoja, sita zikabaki mezani, na anayejitangaza kupambana na wenzake watatu huhitaji pointi kati ya 36 na 56 katika jumla ya 91, kutegemea ameshika turufu maalumu ngapi. Lakini karata wanazotumia zina mioyo na majani, na turufu zake ni picha za watu wakicheza dansi na kutembea bustanini. Mauti na Shetani hawamo.

Anayetaka kununua seti ya Marseille kwa kuipenda kama kazi ya sanaa ana jambo moja la kuangalia, nalo ni rangi. Toleo la Marteau la 1930, ambalo bado linauzwa sana, lina buluu nyingi na nyekundu kali za viwanda vya karne ya 19, wakati mitambo ilipochukua nafasi ya violezo na rangi zikapunguzwa ili kuokoa gharama. Marteau mwenyewe aliandika baadaye kitabu kizima akieleza maana ya kiroho ya kila rangi mahali ilipo, na wasomaji wengi wakazishika maana hizo bila kujua kwamba zinaegemea uamuzi wa meneja wa kiwanda. Tangu miaka ya 1990 warejeshaji wamerudi kwenye nakala za makumbusho. Alejandro Jodorowsky na Philippe Camoin walitoa yao mwaka 1997, iliyojaa mambo madogo ambayo wachunguzi bado wanabishania, na Jean-Claude Flornoy alizichora upya seti za Noblet na Dodal kwa uangalifu ninaoupenda zaidi. Nakala ya Noblet iliyoko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina karata 73, kwani panga za sita hadi kumi zimepotea, na yeyote anayeuza seti hiyo ikiwa kamili amezichora tano hizo mwenyewe.